Land Rover Kuukuu Milimani: Anza na Tairi, Malizia na Injini

Mwenye Land Rover 109 iliyolala nyuma ya nyumba huko Mlalo au Lukozi, kwenye milima ya Usambara, siku akiamua kuifufua, cha kwanza kumjia kichwani ni injini. Haishangazi, kwani mara nyingi injini ndiyo iliyoilaza. Anapiga simu Dar es Salaam, anaulizia Gerezani na Ilala, anaambiwa ipo ya Toyota, ipo ya Nissan, ipo ya Discovery. Hela inatumwa, mzigo unapandishwa Lushoto kwa fuso, na hapo ndipo fundi anapoanza kuuliza yale yaliyopaswa kuulizwa kabla ya simu. Gia boksi itaipokea? Propela itafika? Difu ni la ngapi?

"Mzee, injini imekaa," fundi atasema baada ya wiki nzima ya kuchomelea maunti. Imekaa, sawa. Lakini kuteremsha magunia ya viazi kutoka Mtae mwezi wa Aprili ni mtihani ambao bado haujafanyika.

Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba shida nyingi za kuoanisha vipande vinavyopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi kwenye tairi hazitokani na kipande kukataa kuingia. Fundi wa Lushoto mwenye mashine ya kuchomelea na msumeno wa chuma ataingiza chochote popote. Shida inatokana na kuanza kazi upande usio wake. Gari la milimani lipimwe kutoka chini kwenda juu: mlima kwanza, halafu tairi, difu, transfa, gia boksi, klachi, na injini mwisho kabisa.

Tuanze na mlima. Mombo iko tambarare, mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi, na kati yake kuna kilometa 33 za lami zinazojipinda kupitia Soni. Kwa wenyeji hiyo ndiyo barabara nzuri. Shughuli inaanza ukiiacha lami, kuelekea Rangwi, Sunga na Mtae, au upande wa Mgwashi, ambako udongo mwekundu ukilowa masika haubagui tairi jipya na kipara. Wajerumani waliofikisha reli Mombo mwaka 1905 hawakuipandisha huku. Mbao za Shume waliziteremsha kwa waya wa angani hadi Mkumbara. Gari la kazi la Usambara lina mitihani miwili tu: kuondoka kilimani likiwa limesimama na mzigo, na kuteremka na mzigo huohuo bila kuunguza breki. Mbio za lami ni anasa.

Mitihani yote miwili inaamuliwa na hesabu ambayo unaweza kuifanya kwenye simu yako. Chukua uwiano wa gia namba moja, zidisha kwa uwiano wa transfa ikiwa lo (mwendo mzito), kisha zidisha kwa uwiano wa difu. Kwenye Land Rover ya Series III, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1971, gia namba moja ni 3.68, transfa ikiwa lo ni 2.35, difu ni 4.7. Jibu ni 40.6, maana yake injini inazunguka mara arobaini na kitu ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi la 750-16 likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.5. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, gari linakwenda kilometa 3.7 kwa saa; mtu anayetembea kwa miguu analipita. Hiyo ndiyo kasi inayotakiwa kwenye utelezi: injini inashikilia na mguu unakaa mbali na breki. Series II ya mwaka 1958 ina gia na transfa tofauti, lakini ukizidisha unapata karibu jibu lilelile. Walioliunda gari hili walijua wanachokitafuta.

Sasa kuna kishawishi. Difu la 3.54 kutoka Range Rover ya zamani au Discovery za mwanzo, zile zenye hafshafti za meno kumi, linaingia kwenye ekseli ya Rover ya Series bila kukata chochote. Bolti zinaingia, hafshafti zinaingia, fundi anafuta mikono. Kwa anayekwenda Tanga kila wiki ni neema, kwa sababu kasi inaongezeka kwa theluthi nzima kwa mizunguko ileile ya injini. Rudia hesabu yetu: 3.68 mara 2.35 mara 3.54 ni 30.6. Umeshapoteza robo ya nguvu ya kuondokea, na kwenye mteremko gari linataka kwenda karibu kilometa 5 kwa saa badala ya 3.7. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Kwenye kona ya matope, abiria wamejaa nyuma na breki za dramu zimelowa, dereva ataijua. Wakati wa kupanda atafidia kwa kuchezesha klachi. Ukiona gari linanuka klachi kila likifika kilimani, na klachi yenyewe ni mpya, usirudi dukani kununua nyingine. Uliza difu.

Balaa kubwa zaidi ni difu la mbele na la nyuma kutolingana. Hili linawapata sana wenye 109 kwa sababu maalumu: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 gari hilo lilifungwa nyuma ekseli ya Salisbury, nene na imara kuliko ya Rover, ambayo haipokei difu la Rover. Mwenye gari ananunua madifu mawili ya 3.54, la mbele linaingia, la nyuma linakataa, basi la nyuma linaachwa na 4.7 yake. Au anapata ekseli nzima ya nyuma ya Land Rover 110, yenye 3.54, na mbele hakugusa. Gari linatembea vizuri kabisa, miezi hata miaka, maana Series kwa kawaida inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Siku ya matope dereva anabonyeza ile nobu ya njano ili ya mbele nayo yavute, na ekseli mbili zilizofungwa kwenye transfa moja zinataka kwenda kwa kasi mbili tofauti. Kwenye tope jepesi matairi yatateleza na kusamehe. Pakiwa pakavu kidogo, kitu kitavunjika: krosi ya propela, hafshafti, au gia ndani ya transfa. Kwenye 110, ambayo inavuta kwa magurudumu manne wakati wote na ina difu jingine katikati, hilo la katikati litameza tofauti hiyo kila dakika ya safari mpaka liishe.

Kujua difu la ngapi hakuhitaji kufungua kitu. Nyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lingine libaki chini, na ya mbele yazuiwe kwa mawe kabla hujafanya lolote. Gia iwe nyutro, hendibreki iachiwe. Chora alama ya chaki kwenye tairi lililo hewani na nyingine kwenye flanji ya propela. Mtu mmoja azungushe tairi mizunguko miwili kamili, mwingine alale chini ahesabu propela. Ikizunguka mara tano kasorobo, ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni 3.54. Lazima iwe mizunguko miwili, kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama na difu linagawanya mwendo nusu kwa nusu. Kisha fanya hivyohivyo mbele, na kama mbele kuna loki za magurudumu, zifungwe kwanza. Kazi nzima haifiki nusu saa. Nimeona gia boksi ikishushwa mara mbili kutafuta kelele ambayo chaki ingeieleza.

Ekseli ya 110 ina mtego wake. Bolti tano za gurudumu zinafanana na za Series, kwenye duara lilelile la milimita 165, kwa hiyo muuzaji anakuambia "ni zilezile tu, mzee wangu." Sizo. Upana wa kati ya matairi kwenye Series ni milimita 1,308, kwenye 110 ni milimita 1,486. Ukifunga moja ya nyuma tu, matairi ya nyuma hayapiti kwenye njia iliyochimbwa na ya mbele, na kwenye barabara za huku zenye makorongo mawili marefu hiyo ni kero ya kila siku. Isitoshe, 110 inakaa kwenye springi za koili na Series inakaa kwenye springi za majani. Viti vya springi vitakatwa na kuchomelewa upya. Palepale fundi wa kuchomelea, bila kujua, anaamua maisha ya propela.

Propela ndicho kipande kinachoonewa kuliko vyote katika gereji zetu. Ikigoma kufika inarefushwa, ikizidi inakatwa, na hakuna anayeuliza inakaa kwa pembe gani. Krosi ikikunjwa haipitishi mwendo sawasawa. Shafti inayoingia ikizunguka kwa kasi moja, inayotoka inaongeza na kupunguza mwendo mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini, na huisikii. Kwa nyuzi 20 inakuwa asilimia 6. Kwa nyuzi 30 inapita asilimia 13, na gari zima linatetemeka. Kinachookoa ni krosi ya pili upande wa chini, ambayo inafuta kosa la ile ya juu, ila kwa masharti. Yoki za ncha mbili za propela lazima zitazame upande mmoja, na pembe ya juu ilingane na ya chini. Kwa lugha ya gereji: flanji ya transfa na flanji ya difu ziwe sambamba, hata kama moja iko juu na nyingine chini.

Masharti hayo yanavunjwa kirahisi sana. Propela inavutwa ikachomoka kwenye meno ya sehemu ya kuteleza, inarudishwa jino moja kando, na yoki hazitazamani tena. Fundi anachomelea viti vya springi kwa kukadiria kwa jicho, pua ya difu inaangalia chini nyuzi nne tano. Mwenye gari anaongeza majani mawili ya springi ili libebe kabichi zaidi. Likiwa limejaa pembe ni nzuri, likirudi tupu kutoka Mombo ekseli imeshuka na propela inanguruma njia nzima. Simu nyingi siku hizi zina programu ya kupima mlalo. Ibandike kwenye flanji ya transfa, soma; ibandike kwenye flanji ya difu, soma; gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na mzigo uliozoeleka. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi moja au mbili, rudi kwenye viti vya springi kabla hujachomelea moja kwa moja. Shika tu kwa nukta chache za weldi, pima, ndipo umalizie.

Mbele kuna mgogoro usio na dawa kamili. Ukiigeuza ekseli ili pua ya difu iangalie transfa, unageuza pia mwinamo wa nguzo za usukani, ambao kwenye Series ni nyuzi 3. Ukiupoteza, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Kwa barabara ya Soni, yenye bonde upande mmoja, mimi ningevumilia propela yenye kelele kidogo kuliko usukani unaozurura.

Urefu nao uangaliwe. Propela ndefu mno, sehemu yake ya kuteleza inafika mwisho gari likigonga shimo, na kipigo kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi ya transfa. Fupi mno, inachomoka ekseli ikining'inia kwenye korongo. Ikikatwa, ikatwe na kuunganishwa kwenye mashine ya kukereza, kisha isawazishwe. Shafti inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika haiunganishwi kwa jicho.

Kwa upande wa transfa, LT230 ya 110 na Discovery ni kitu kizuri. Lo yake ni 3.32, ikiunganishwa na gia boksi ya R380, ambayo gia namba moja ni 3.69, na difu la 3.54, unapata 43, yaani bora kidogo kuliko Series. Hapa ndipo 3.54 inapokubalika milimani, ikija na familia yake nzima. Angalia tu namba ya hai (mwendo wa kawaida): ya 110 kwa kawaida ni 1.41, ya Discovery ni 1.22. Lo zinafanana, lakini yenye 1.22 itakuwa nzito kuondoka kwenye lami ya kupanda Lushoto na mzigo. Mafuta nayo yana kesi yake. Gia boksi ya Series inataka mafuta mazito ya EP90. Gia boksi ya LT77 ya 110 inataka yale mepesi ya gia boksi za otomatiki. Kuimiminia LT77 mazito kwa mazoea ni kuifanya igome kuingia gia asubuhi, na asubuhi za Magamba ni za baridi.

Kwa kuwa hendibreki ya Land Rover inashika nyuma ya transfa, ukiondoa transfa umeondoa na hendibreki. Wanaofunga gia boksi na transfa ya gari jingine huligundua hili siku ya kwanza wanapoegesha kilimani. Gari lisiloweza kusimama lenyewe halipaswi kubeba watu, na jiwe chini ya tairi halihesabiki kuwa breki. Angalia pia difu la mbele liko upande gani. Kwenye Land Rover liko kulia, na propela ya mbele inatoka kulia kwa transfa. Transfa inayotoa kushoto haifai hata kwa bure.

Tukija kwenye klachi na belihauzi, lile kava linaloshika injini na gia boksi pamoja, neno ni moja: katikati. Shafti ya gia boksi lazima iwe kwenye mstari mmoja na krankishafti, na kosa linaloruhusiwa ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Bamba la kuunganishia lililotobolewa kwa drili ya mkono halifikii hapo. Litafunga, litawaka, litatembea, kisha litakula bushi ya nyuma ya krankishafti, beringi ya mbele ya gia boksi, na klachi mpya kila baada ya muda mfupi. Bamba likakerezwe, na lipimwe kwa saa ya kupimia iliyofungwa kwenye flaiwili. Tanga mjini mashine za kukereza zipo. Nauli ya kushuka ni ndogo kuliko bei ya gia boksi.

Mwisho ndipo injini. Dizeli ya asili ya lita 2.25 ina nguvu za farasi 62 na msokoto wa kama Nm 140. Kwa lami inachosha, lakini kwa lo ya 40.6 inapanda. Ikifanyiwa ovahauli ya kweli, inaingia bila kubadilisha hata bolti moja, na sifa hiyo haipewi uzito unaostahili. Injini ya 200Tdi ni mjukuu wake: bloku imetokana na ileile, maunti zinakaribiana, na gia boksi ya Series inaipokea kwa marekebisho madogo. Iliyotoka kwenye Defender ina tabo juu. Ya Discovery ina tabo chini ubavuni, inagombana na chesisi, kwa hiyo mabomba ya moshi yatatengenezwa upya. Ya Defender inatoa farasi 107 na Nm 255. Furaha tupu, ila ekseli ya nyuma ya Rover na hafshafti zake za meno kumi hazikutengenezewa msokoto huo ukizidishwa mara arobaini. Dereva mwenye mguu mzito atazikata. Mwenye Salisbury nyuma analala usingizi.

Injini za Toyota na Nissan zina hoja yao kubwa: spea zipo kila duka, Mombo hadi Dar. Sipingi. Ninachopinga ni kuifunga injini peke yake kwenye gia boksi ya Land Rover iliyochoka kwa bamba la kubahatisha. Chukua injini na gia boksi yake, na transfa yake kama inatoa kulia, kisha lipia propela mbili na hendibreki kwa heshima. Ni ghali, na bado ni rahisi kuliko kurudia mara tatu. Halafu kumbuka kadi ya gari: ina namba ya injini na ya chesisi, na injini ikibadilika TRA wanatakiwa kujua kabla trafiki wa Mombo hajawa wa kwanza kukuuliza.

Kwa 109 ya kazi, inayolala Mtae na kuamkia sokoni, mimi naacha difu la 4.7 mbele na nyuma, naacha transfa yake, na nafanya ovahauli ya 2.25 au natafuta 200Tdi kama nyuma kuna Salisbury. Kwa gari la kwenda Tanga na kurudi, hamisha familia nzima ya 110: ekseli zote mbili, LT230, gia boksi, au usihamishe kitu. Na kabla hujatuma hata shilingi Gerezani, mpe fundi karatasi aandike saizi ya tairi, difu la mbele, difu la nyuma, na transfa ya ngapi, kila kimoja akiwa amekipima mwenyewe kwenye gari lako. Akikuambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine.